Mlimani, Dodoma au Bagamoyo: kijana wa Tabora na Kigoma akasomee wapi sanaa za maonyesho?

Wanafunzi wangu huniuliza, "Mwalimu, nikasomee wapi uigizaji?" Wazazi wao huniuliza, "Mwalimu, hivi huko kuna kazi?" Maswali haya nayajibu kwa pamoja, kwa sababu chuo utakachosoma kinaamua kazi gani utaiweza, na kazi unayoitaka ndiyo inayopaswa kukuchagulia chuo. Nafundisha Kiswahili hapa Tabora na nalea kikundi cha maigizo cha shule. Vijana wa hapa, na wale wanaotoka Kigoma kuja kusoma kidato cha tano na sita kwetu, huishia kutazama njia tatu: shahada ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, shahada ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na stashahada ya Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo kila mtu anaiita TaSUBa. Ipo na ya nne, ya ualimu. Hiyo haisemwi sana na nitaifikia.

Kwanza niondoe jambo linalowachanganya wengi. Bagamoyo si chuo kikuu. TaSUBa inatoa astashahada na stashahada, na iko chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Shahada za Mlimani na Dodoma ziko chini ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu. Mzazi akisikia hivyo hukimbilia kusema basi Bagamoyo ni ya waliofeli. Hapana. Wasanii wengi ambao nchi hii inajivunia wamepikwa Bagamoyo. Ila tofauti hiyo ya usimamizi inagusa sifa za kuingia, inagusa mkopo, na inagusa ajira ya serikali, kwa hiyo lazima uielewe kabla hujajaza fomu yoyote.

Mlango wa kuingilia na hesabu ya miaka

Shahada inataka ufaulu mkuu, yaani prinsipo, wa masomo mawili ya kidato cha sita, jumla ya pointi zisizopungua 4.0. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo D mbili zinafika, na C na E zinafika pia. Huo ni mpaka wa chini kabisa wa TCU. Kila chuo huongeza masharti yake kuhusu masomo yapi yanakubalika, na masharti hayo yako kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka. Vijana wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) kwa kawaida hawapati tabu hapo. Bagamoyo unaweza kuingia kwa cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne, ukaanza astashahada na kupanda hadi stashahada.

Sasa fanya hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akipita njia ya kawaida atasoma miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kisha mitatu ya shahada. Jumla miaka mitano. Akienda Bagamoyo moja kwa moja atatumia mwaka mmoja kwa kila ngazi kati ya tatu, na baada ya mitatu ana stashahada. Akiipata kwa wastani wa GPA 3.0 au zaidi, anaruhusiwa kuomba shahada, mitatu mingine. Jumla sita. Yaani anayepitia Bagamoyo kwenda Mlimani anachelewa mwaka mmoja tu nyuma ya mwenzake, na anaingia chuo kikuu akiwa tayari anajua kusimama jukwaani, kupiga ngoma, kuruka, kuimba na kutega taa. Mwenzake anaingia akiwa ameigiza labda siku ya mahafali.

Kama si suala la fedha, ningewapeleka wote kwa njia hiyo ndefu. Lakini suala la fedha lipo, na nitalizungumza kwa kirefu hapa chini.

Mlimani

Idara ya sanaa za maonyesho ya Mlimani ilianzishwa mwaka 1967. Imebadilishwa jina mara kadhaa, na sasa inaitwa Idara ya Sanaa Bunifu. Hata kama hujawahi kufika Dar es Salaam, umeshakutana na watu wake darasani. Edwin Semzaba, aliyeandika ile tamthilia ya Ngoswe ambayo wengi tumeifanyia mtihani wa kidato cha nne, alikuwa mwalimu wa pale. Alifariki mwaka 2016. Ebrahim Hussein, ambaye Kinjeketile yake ilichapishwa mwaka 1969, alisoma pale na akafundisha pale. Penina Muhando na Amandina Lihamba wamekuwa maprofesa pale. Ukitazama orodha ya tamthilia za Kiswahili zilizosomwa mashuleni kwa miaka hamsini, jina la idara hii linajitokeza nyuma ya nyingi.

Kwa hiyo Mlimani ina urithi wa watu wanaoandika na wanaofikiri. Utajifunza uigizaji, ndiyo, na uongozaji, na usanifu wa jukwaa. Lakini sehemu kubwa ya muda wako utasoma: historia ya tamthilia ya Afrika na ya kwingineko, nadharia, uhakiki, uandishi. Utaulizwa kwa nini Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, alitaka mtazamaji akumbuke kwamba anatazama igizo, wakati Stanislavski, mwongozaji wa Urusi, alitaka mwigizaji aingie ndani ya mhusika mpaka amwishi. Kisha utaulizwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma wa Kinyamwezi, anasimama upande gani wa mjadala huo. Mimi naliona swali hilo la mwisho kuwa tamu kuliko yote. Manju anaimba kama yeye mwenyewe, anamwita mtazamaji kwa jina, anageuka kuwa mhusika, anarudi kuwa yeye, na hadhira yote iko ndani ya onyesho tangu mwanzo. Mtu aliyekulia Tabora au Kasulu ana mengi ya kusema kwenye semina ya namna hiyo, kama atajiamini.

Na hapo kuna kikwazo cha lugha. Mihadhara na mitihani ni Kiingereza. Mwanafunzi aliyekuwa nyota wa shule kwa ngonjera na igizo la Kiswahili anaweza kushtuka muhula wa kwanza anapotakiwa kuandika insha ndefu ya nadharia kwa Kiingereza. Wapo wanaopata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa sababu hiyo tu, ilhali jukwaani hakuna anayewafikia. Kama Kiingereza chako kinayumba, usikate tamaa, lakini anza kusoma tamthilia za Kiingereza sasa hivi, hata mbili tatu kabla ya kuripoti chuo. Kazi za maonyesho zenyewe mara nyingi hufanywa kwa Kiswahili, na hapo utapumua.

Jambo la pili ambalo Mlimani inalo, na ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa idara hii walikwenda Malya, huko Kwimba, Usukumani. Hawakwenda na igizo mfukoni. Walikaa na wakazi, wakachunguza nao matatizo yao, wakazi wenyewe wakachagua la kuonyesha, wakalionyesha kwa ngoma na michezo wanayoijua, na baada ya onyesho watu wakajadili nini kifanyike. Mfumo huo ndio uliozaa kazi nyingi zilizofuata. Mwaka 1996 ulianza mradi wa Tuseme, ambao ulitumia sanaa hiyohiyo kuwafanya wasichana wa sekondari waseme wenyewe nini kinawakwamisha shuleni na wafanye nini kuhusu hilo. Shirika la FAWE, linalotetea elimu ya wasichana, likaubeba mradi huo hadi nchi nyingine za Afrika.

Nawaeleza haya hasa wazazi wenye mabinti. Nimesikia mara nyingi baba akisema kwamba uigizaji ni uhuni na binti yake hatakwenda huko. Naiheshimu hofu yake, kwa sababu mjini kuna watu wanaowatega wasichana kwa ahadi za kuwaingiza kwenye filamu. Lakini hao hawako kwenye idara ya chuo kikuu. Watu wawili waliolifanya jukwaa la Tanzania kuwa chombo cha kumtetea mtoto wa kike ni wanawake waliosomea jambo hilihili na wakawa maprofesa: Muhando na Lihamba. Binti anayejua kusimama mbele ya watu mia tatu na kusema neno lake bila kutetemeka hadanganyiki kirahisi.

Upungufu wa Mlimani ni mwili. Ratiba ya shahada haikupi saa za kutosha za kulainisha viungo, kufungua sauti, kurudia hatua moja ya ngoma mpaka iwe yako. Anayetoka pale bila kujiongezea mazoezi kwenye vikundi vya jijini huwa anajua kwa nini onyesho limeshindwa, lakini hawezi kuliokoa kwa mwili wake mwenyewe.

Bagamoyo

Miaka ya 1960 na 1970 serikali ilikuwa na vikundi vya taifa: cha ngoma, cha sarakasi na cha maigizo. Baadaye, mwaka 1981, kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na ujuzi wa vikundi vile ukahamia humo. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa. Kiko mjini Bagamoyo, karibu na bahari, kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Jukwaa lake liliungua moto mwaka 2002 na likajengwa upya, na leo ni miongoni mwa majukwaa bora ambayo mwanafunzi wa sanaa nchini anaweza kuyakanyaga kila siku.

Neno hilo "kila siku" ndilo lenye uzito. Bagamoyo asubuhi unaamkia ngoma, sarakasi, sauti, uigizaji. Mafunzo kwa vitendo ndiyo yanayobeba chuo. Wapo wanaojikita kwenye muziki, wengine sanaa za ufundi, wengine ufundi wa jukwaa: taa, sauti, mapambo. Ufundi wa jukwaa ni eneo ambalo vijana hulipita bila kulitazama kwa sababu wote wanataka kuonekana, na ni kosa. Mwigizaji mzuri mtaani wapo kumi. Mtu anayejua kutega taa za onyesho na kuendesha mashine ya sauti bila mluzi, katika mji kama Kigoma au Tabora, unaweza kumtafuta wiki nzima. Harusi zinamtaka, mikutano inamtaka, makanisa yanamtaka, matamasha yanamtaka.

Kila mwaka TaSUBa huandaa tamasha la kimataifa la sanaa na utamaduni, lililoanza mwaka 1982. Vikundi hutoka mikoani na nje ya nchi. Mwanafunzi anapanda jukwaa moja na watu ambao angewaona kwenye simu tu, na anajifunza pia kazi ngumu ya kupokea vikundi, kupanga ratiba na kuhakikisha ngoma ya saa mbili inaanza saa mbili.

Mfano ninaoupenda ni wa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Alikuwa bingwa wa zeze na ilimba, ala za muziki za kwao, akawa mmoja wa watu walioijenga Bagamoyo, na muziki wa Wagogo ukafika majukwaa ya Ulaya kupitia mikono yake. Hakubadilisha alichotoka nacho kijijini ili akubalike. Alikikuza. Alifariki mwaka 2003, na jina lake bado liko hai Bagamoyo.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili linanikereketa. Unyamwezi una ngoma ya manyanga, una ngoma za chama cha Waswezi, una chama cha Wayeye wanaocheza na nyoka, una mamanju ambao utunzi wao ni chuo tosha. Wazee wa hapa wanamkumbuka Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo, walivyokuwa wakitikisa viwanja. Waha wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo wana ngoma na nyimbo zao, na Ujiji ina utamaduni wake wa mji wa kale uliochanganya Wamanyema, Waha na watu wa pwani. Halafu kijana anakwenda Bagamoyo akiwa hajui hata wimbo mmoja wa bibi yake, anafundishwa ngoma za makabila mengine, anarudi nazo, na za kwao zinazikwa na wazee. Kabla hujaondoka, kaa na wazee. Rekodi kwa simu. Uliza maana ya kila neno. Chuo chochote kati ya hivi kitakuthamini zaidi ukifika na mzigo wako. Bagamoyo watautaka mguuni na mkononi mwako. Mlimani watautaka kwenye utafiti wa mwaka wa tatu.

Upungufu wa Bagamoyo ni karatasi na fedha, na tutayaona sasa hivi. La ziada ni kwamba kusoma na kuandika kunapewa nafasi ndogo. Kijana anayetaka kuwa mwandishi wa tamthilia atapaswa kujisomesha mwenyewe usiku.

Dodoma

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na shahada yake inaunganisha sanaa za maonyesho na filamu. Kwa anayejua tangu mwanzo kwamba moyo wake uko kwenye kamera, muungano huo unamfaa, na tamthilia za televisheni ndizo zinazoajiri waigizaji wengi kwa sasa. Chuo hakina historia ndefu ya jukwaa kama Mlimani. Kina faida ya kuwa makao makuu ya nchi: wizara ziko hapo, na taasisi zinazotaka maonyesho ya uhamasishaji na video fupi ziko karibu. Maisha ya mjini Dodoma hayana msongamano wa Dar es Salaam, na kwa mtoto anayetoka nyumbani mara ya kwanza hilo linasaidia.

Na ni karibu. Kigoma kwenda Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni kilomita 1,254, na Tabora ni kama 840. Dodoma iko njiani. Kwa basi, barabara ya Tabora, Itigi, Manyoni sasa ni lami. Hata anayesoma Dar es Salaam au Bagamoyo anaweza kufika Dodoma kisha akapanda treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ambayo ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka kwa miaka mitatu ni fedha ambayo mzazi wa Uvinza au Urambo anaihisi. Ihesabu.

Fedha, kwa kirefu

Mwanafunzi wa shahada, Mlimani au Dodoma, anaweza kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Juu yake kuna ada, vitabu na viandikwa, na mafunzo kwa vitendo. Mkopo hutolewa kwa kuangalia uhitaji, hivyo wapo wanaopata ada kidogo tu na wapo wanaopata karibu yote. Ukiajiriwa, utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Hilo mzazi alijue mapema, kwa sababu mwigizaji asiye na mshahara wa mwezi naye anadaiwa.

Stashahada ni habari nyingine. Mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka 2023/24 ilielekezwa kwenye fani kama afya, ualimu, uchukuzi, nishati, madini, kilimo na mifugo. Sanaa haikuwa humo. Maana yake ni kwamba ile njia ndefu niliyoisifu hapo juu, ya Bagamoyo kwanza, inaitaka familia ibebe miaka mitatu kwa mfuko wake: ada, chumba, chakula, nguo za mazoezi. Mwenye duka au shamba la tumbaku lililotoa vizuri ataweza. Mama anayeuza dagaa Mwanga, pale Kigoma mjini, atabanwa sana. Kwa familia ya namna hiyo, kidato cha sita shule ya serikali, ambako ada imefutwa, na kisha shahada kwa mkopo, ni njia inayobebeka zaidi hata kama mwili wa kijana utachelewa kupata mafunzo. Soma mwongozo wa mikopo wa mwaka wako kabla ya kuamua, kwani orodha ya fani hubadilika.

Wapo wanafunzi wa Bagamoyo wanaojilipia sehemu ya maisha kwa kucheza hotelini na kwenye sherehe wikiendi. Inawezekana, na inafundisha nidhamu ya kazi. Ila nisingempeleka mtoto kwa kutegemea hilo muhula wa kwanza.

Kazi iko wapi

Kila halmashauri ina kitengo cha utamaduni, na nafasi ya Afisa Utamaduni hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Hiyo inataka shahada ya fani husika, na sanaa za maonyesho imo. Hapa ndipo karatasi ya Mlimani au Dodoma inapoishinda ya Bagamoyo bila ubishi. Nafasi si nyingi na ushindani ni mkubwa, lakini kwa mzazi anayeuliza "mshahara utatoka wapi?", hili ndilo jibu la kwanza analolielewa, na ni jibu la kweli.

La pili ni mashirika. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Kazi ya uhamasishaji wa jamii, iwe ya afya, mazingira au ukatili wa kijinsia, inahitaji mtu anayejua kukusanya watu, kuwafanya waseme na kuligeuza jambo zito kuwa onyesho ambalo kijiji kitalikumbuka. Aliyesoma sanaa za maonyesho kwa maendeleo ana ujuzi huo. Kosa la wahitimu wengi ni kuandika kwenye wasifu wao "mwigizaji" na kuishia hapo. Andika kwamba unaweza kufanya utafiti shirikishi, kuongoza mjadala wa jamii na kuandaa mchezo wa redio. Redio zetu za mikoani zinasikilizwa mpaka kwenye mashamba ya Kaliua, na mchezo wa redio hauna gharama kubwa: maikrofoni, waigizaji wanne, mswada mzuri. Nchi hii iliona nguvu yake mwaka 1993, Redio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI.

La tatu ni kamera. Chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo zimefanya tamthilia za mfululizo kuwa kazi ya karibu kila siku kwa waigizaji, waandishi na mafundi. Kazi hiyo iko Dar es Salaam. Aliyesoma Mlimani au Bagamoyo anaifikia kwa daladala. Wa Dodoma atalazimika kuhamia. Humo huulizwi cheti. Unaulizwa ulichokwisha kufanya, na mtu wa Bagamoyo kwa kawaida ana mengi ya kuonyesha kuliko mwenzake wa umri uleule aliyetoka chuo kikuu.

Halafu ualimu, ile njia ya nne. Mwanafunzi anayependa jukwaa na anayetaka kurudi nyumbani anaweza kuchukua shahada ya ualimu yenye Kiswahili, na hilo lipo hata hapahapa Tabora, chuo cha Askofu Mkuu Mihayo, bila kusafiri popote. Sera ya elimu toleo la 2023 imefungua mkondo wa amali, yaani wa ujuzi wa kazi, sekondari, na sanaa imo. Shule za msingi nazo zina somo la Sanaa na Michezo. Walimu waliosomea jambo hili ni wachache mno. Shule inapata kwaya na ngoma za UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, zikiongozwa na mwalimu wa jiografia mwenye moyo tu. Mimi binafsi naamini hii ndiyo sehemu yenye njaa kubwa kuliko zote kwa mikoa yetu miwili, na anayeiingia na ujuzi wa kweli atabadilisha shule nzima. Lakini shahada ya ualimu peke yake haikufundishi jukwaa. Itakubidi ujiunge na kikundi cha chuo, uhudhurie warsha, usome tamthilia nyingi kuliko zilizo kwenye mtaala.

Ningemwambia nani nini

Binti wa HKL mwenye alama nzuri, anayeandika igizo lake mwenyewe na kubishana na mwalimu kuhusu mwisho wake: Mlimani, bila kusita. Mvulana wa Kasulu aliyepata D nne kidato cha nne na ambaye ngoma ikilia mwili wake hautulii: Bagamoyo, kama familia inaweza, na asihesabu stashahada kuwa mwisho wa safari. Kama familia haiwezi, aanze na kikundi chochote kilichosajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, alipo, akusanye ujuzi na akiba, aende baadaye. Bagamoyo si mahali ambapo umri wa miaka ishirini na miwili ni uzee. Anayeota kamera na anayetaka shahada karibu na nyumbani: Dodoma. Aliyepata pointi za kutosha lakini hajawahi kuigiza, anayetaka kusoma hili kwa sababu linaonekana rahisi kuliko sheria au uchumi: asiende kokote kati ya hivi. Miaka mitatu ya mazoezi hadi usiku humchosha vibaya mtu asiyeyapenda.

Kwa waliomaliza kidato cha sita mwaka huu, udahili wa shahada hufunguliwa kwa awamu, na mnaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Ombi la mkopo lina dirisha lake na tarehe zake. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuambatishwa, na hilo hufanyika kwa mtandao, hivyo hakuna sababu ya mtu wa Kibondo kusafiri. Majina yafanane herufi kwa herufi na yale ya cheti cha kidato cha nne. Lifanyeni sasa wakati mtandao wa maombi haujaelemewa.